Umeshtakiwa kwa deni la zamani la kadi ya mkopo Uingereza: ukiri, ujitetee, upatane au unyamaze?

Ukiishi Uingereza au Wales, karatasi za namna hii mara nyingi hufika kwa posta kutoka Northampton, kwenye kituo kinachotoa madai ya mahakama za kaunti kwa wingi. Jina la mdai huenda hujawahi kulisikia. Ulichukua kadi ya benki, ukashindwa kulipa, benki ikaliuza deni, aliyelinunua naye pengine akaliuza tena, na leo kampuni ngeni inakudai pauni elfu nne pamoja na riba na ada ya mahakama. Deni lenyewe ni la enzi za kazi uliyokwisha kuiacha au ndoa iliyokwisha kuvunjika.

Njia zilizo mbele yako ni nne: kukiri na kuomba kulipa kwa awamu, kujitetea, kupatana na mdai, au kukaa kimya. Wengi huchagua ya nne kwa hofu au ya kwanza kwa aibu, kabla hata hawajajua wamesimama wapi kisheria. Tumelelewa tukiambiwa dawa ya deni ni kulipa, nami silipingi hilo. Ila dawa hutolewa baada ya vipimo, na kwa deni la zamani vipimo ni viwili: tarehe moja, na karatasi chache ambazo mdai anazo au hana.

Ninayoyaandika hapa ni ya Uingereza na Wales. Uskoti wana sheria yao: huko muda wa kawaida ni miaka 5, na ukiisha deni lenyewe linafutika. Aliyeko Glasgow asitumie hesabu za hapa chini.

Kwanza jipatie muda

Tazama kona ya juu kulia ya fomu ya madai. Pana tarehe ya kutolewa. Mahakama huchukulia kwamba fomu imekufikia siku ya 5 baada ya tarehe hiyo, hata kama posta ilijikokota. Kuanzia hapo una siku 14 za kujibu. Ukituma taarifa ya kupokea madai ndani ya siku hizo, ukisema unakusudia kujitetea, muda wa kuleta utetezi wenyewe unakuwa siku 28 badala ya 14, zikihesabiwa tangu siku ile ile ya 5. Fomu iliyotolewa tarehe 3 Machi inahesabiwa kuwa imefika tarehe 8 Machi. Taarifa ya kupokea iwe mahakamani kufikia tarehe 22 Machi, na utetezi kufikia tarehe 5 Aprili. Ziandike tarehe zako tatu kwenye karatasi na uibandike mahali utakapoiona kila asubuhi.

Taarifa hiyo hailipiwi, na mara nyingi unaweza kuituma mtandaoni kwa nywila iliyochapishwa kwenye fomu yenyewe. Haikuzuii kukiri baadaye ukiona huna utetezi. Jihadhari na mawili tu. Usitie alama kwenye kisanduku cha kupinga mamlaka ya mahakama. Hicho ni cha mtu anayesema mahakama hii haina uwezo wa kusikiliza kesi yake, na watu hukitia alama wakidhani ndicho cha kupinga deni. Pili, usianze kuandika utetezi siku hiyo hiyo ukiwa na hasira. Siku 28 zikionekana hazitoshi kwa sababu mdai hajakuletea nyaraka, unaweza kumwomba akubali nyongeza ya hadi siku 28. Akikubali kwa maandishi, unaijulisha mahakama.

Kama ulichopokea bado ni barua tu ya kutishia kesi, una nafasi nzuri zaidi. Tangu Oktoba 2017 wadai wa namna hii wanatakiwa wakutumie barua yenye fomu ya majibu na kukupa siku 30 kabla ya kwenda mahakamani, na katika majibu hayo unaweza kudai nyaraka. Ijibu.

Tarehe inayoamua mengi

Sheria ya Ukomo ya mwaka 1980 inampa mdai miaka 6 ya kufungua kesi ya deni la mkataba. Akichelewa na wewe ukalisema hilo kwenye utetezi, anashindwa. Nasisitiza “ukalisema”, maana hakimu hatalichomoa mwenyewe. Deni la miaka 9 ambalo mdaiwa hakujibu linapata hukumu sawasawa na deni la mwaka jana.

Ugumu uko kwenye kujua miaka 6 inaanza lini. Wengi huhesabu tangu malipo yao ya mwisho, na wengine wamepoteza kesi kwa hesabu hiyo. Mwaka 2019, katika kesi ya Doyle dhidi ya PRA Group, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kwa kadi ya mkopo iliyo chini ya Sheria ya Mikopo ya Walaji ya 1974, muda huanza pale siku zilizotajwa kwenye notisi ya kukiuka mkataba zinapokwisha, kwa kuwa kabla ya hapo mkopeshaji hana haki ya kudai salio lote. Notisi hiyo humpa mteja angalau siku 14 za kurekebisha. Tuseme ulilipa mara ya mwisho Januari, benki ikavuta subira, ikatuma notisi katikati ya Agosti. Miaka yako 6 inaanza mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba. Kesi iliyofunguliwa Mei, miaka 6 na miezi 4 baada ya yale malipo ya mwisho, ingali ndani ya muda.

Muda huo pia unaweza kuanza upya. Ndani ya miaka 6, malipo yoyote uliyofanya kwenye deni hilo, hata ya pauni 1, yanairudisha saa mwanzo; vivyo hivyo barua uliyoitia saini ukikubali kwamba unadaiwa. Maneno ya kwenye simu peke yake hayatoshi. Na hapa kuna hofu ambayo ningependa kuiondoa: kama miaka 6 ilikwisha kamilika kabla hujalipa chochote, yale malipo ya pauni 5 uliyotoa baadaye kwa kubembelezwa na mkusanya madeni hayalifufui deni. Sheria yenyewe inasema haki iliyokwisha kufungwa na muda hairudi kwa malipo wala kwa barua. Kwa upande wa pili, kesi ikishafunguliwa saa inasimama, kwa hiyo kuvuta miguu ukisubiri miaka 6 itimie hakukusaidii kitu.

Tarehe utaipata wapi? Taarifa zako za zamani za benki zitaonyesha malipo ya mwisho. Ripoti ya mikopo, ambayo kampuni zinazotunza kumbukumbu za mikopo, yaani Experian, Equifax na TransUnion, zinatakiwa zikupe bure, huonyesha tarehe ya kukiuka mkataba kama bado haijafutika. Ikiwa deni halimo tena kwenye ripoti, usishangilie: rekodi hufutwa baada ya miaka 6 kwa utaratibu wake, na hilo si uthibitisho kwamba mdai amechelewa. Unaweza pia kuiandikia benki ya mwanzo ikupe taarifa zote inazozishikilia juu yako. Hawaruhusiwi kukutoza kwa kawaida, na wana mwezi mmoja wa kujibu.

Kukiri na kujitetea, bega kwa bega

Ukikiri, unajaza fomu N9A iliyomo kwenye bahasha: mapato, kodi ya nyumba, chakula, nauli, watoto, madeni mengine, kisha kiasi unachoweza kulipa kwa mwezi. Fomu hii huenda kwa mdai, si mahakamani, na watu wengi huituma kusiko kisha wakashangaa kukuta hukumu ya kutojibu. Mdai akikataa kiwango chako, mahakama inapanga kiwango kwa kutazama takwimu zako. Ndiyo maana fomu ijazwe kwa ukweli: ukijinyima chakula kwenye karatasi ili uonekane mwungwana, utaishia na awamu usiyoiweza mwezi wa tatu.

Faida ya kukiri ni utulivu. Unajua utalipa kiasi gani, na hukumu ya deni la kadi iliyo chini ya sheria ile ya 1974 haizai riba ya kisheria ya mahakama. Ukiwa unalipa awamu zako, mdai hana njia ya kukutumia dalali wa mahakama. Anayemiliki nyumba yake ajue jambo moja zaidi: hata awamu zikiwa zinalipwa vizuri, mdai anaweza kuomba deni liwekwe kama mzigo, yaani dhamana, juu ya nyumba hiyo.

Hasara ya kukiri ni ile hukumu yenyewe ya mahakama ya kaunti, ambayo watu huiita CCJ (County Court Judgment). Inaandikwa kwenye rejista ya umma na kubaki miaka 6. Ukilipa deni lote ndani ya mwezi mmoja tangu hukumu, inafutwa kabisa; ukilipa baada ya hapo, inaandikwa kwamba imelipwa lakini inabaki ikionekana. Kwa anayetafuta nyumba ya kupanga, mkopo wa nyumba, au kazi kwenye sekta ya fedha, hiyo ni miaka 6 mizito.

Ukijitetea, hukumu si jambo la hakika tena. Ukishinda, hakuna kitu kwenye rejista. Ukishindwa, unaingia hukumu ile ile ambayo ungeipata kwa kukiri, na bado unaweza kuomba awamu. Tofauti ya fedha ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Chukua dai la pauni 4,200. Ada ya kufungua kesi ni pauni 205, na ada ya mawakili iliyokwisha kuandikwa kwenye fomu kwa kawaida haizidi 100; hizo utadaiwa hata ukikiri. Kinachoongezeka ukipigana ukashindwa hasa ni ada ya siku ya kusikilizwa, mia tatu na kitu kwa dai la ukubwa huo. Kwa madai yasiyozidi pauni 10,000 kesi huenda kwenye njia ya madai madogo, ambako mshindi kwa kawaida harudishiwi bili yake yote ya mawakili. Mdai anayekutisha kwamba utalipa maelfu ya gharama anategemea hulijui hilo. Jaji anaweza kuamuru gharama zaidi kama umeendesha kesi hovyo, kwa hiyo utetezi uwe na msingi.

Kwa hiyo penye shaka ya kweli juu ya tarehe, kiasi au karatasi, ninaegemea kujitetea. Pasipo shaka yoyote, deni la miaka 2 na taarifa zote za benki zipo, kujitetea kunakununulia miezi tu.

Utetezi wa muda na utetezi wa ushahidi

Hivi viwili huchanganywa, na havifanani nguvu. Utetezi wa muda ni mfupi na ukikubaliwa unamaliza kesi. Unasema haki ya kudai ilianza zaidi ya miaka 6 kabla ya tarehe ya kutolewa madai, hujalipa wala hujakiri kwa maandishi katika kipindi hicho, na unamtaka mdai aonyeshe vinginevyo. Ukishalitaja hilo, mzigo wa kuonyesha kwamba kesi iko ndani ya muda ni wa mdai.

Utetezi wa ushahidi unahitaji kazi zaidi. Soma maelezo ya dai. Kwa kawaida ni mistari michache iliyobanwa: mdaiwa aliingia mkataba na benki fulani, akashindwa kulipa, notisi ikatolewa, deni likahamishiwa mdai, na mdai anadai kiasi kadhaa pamoja na riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Kila kipande hapo kinatakiwa kithibitishwe, na kwa kila kipande una majibu matatu: nakubali, nakataa, au sina uwezo wa kujua na namtaka mdai athibitishe. Kama uliwahi kuwa na kadi ya benki hiyo, kubali kwamba ulikuwa nayo. Chini ya utetezi unatia saini tamko la ukweli, na kudanganya hapo ni kuidharau mahakama. Huhitaji kudanganya. Unaweza kukubali kuwa ulikuwa na kadi na papo hapo ukasema hujui kiasi hiki kimefikiwaje, hukumbuki kupokea notisi, wala hukuwahi kuarifiwa kwa maandishi kwamba deni limehamishwa.

Siku ile ile unapotuma taarifa ya kupokea, peleka barua mbili. Ya kwanza, kwa mdai, ikiomba nakala ya mkataba na hesabu ya deni chini ya kifungu cha 78 cha sheria ya 1974, ukiambatisha ada ya pauni 1. Ana siku 12 za kazi. Zikipita hajaleta, hawezi kuutekeleza mkataba mpaka alete. Ya pili, kwa mawakili wake, ikiomba nyaraka walizozitaja kwenye dai: mkataba, notisi ya kukiuka, barua ya kuhamisha deni. Katika zote mbili andika wazi kwamba hukubali kuwa unadaiwa.

Nisikudanganye juu ya nguvu ya barua ya kwanza. Watu husimuliana kwamba pasipo mkataba halisi wenye saini deni limekufa. Kwa ombi la kifungu cha 78, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2009 katika kesi ya Carey dhidi ya HSBC kwamba nakala iliyoundwa upya kutoka kwenye kumbukumbu inatosha, mradi iwe sahihi. Saini ina uzito zaidi kwa mikataba ya kabla ya tarehe 6 Aprili 2007, kwa sababu sheria ya wakati huo ilimzuia kabisa jaji kuutekeleza mkataba ambao haukuwa na masharti ya msingi kwenye hati iliyosainiwa. Kadi yako ikiwa ya 2003, hapo pachunguze kwa makini. Ikiwa ya 2012, elekeza nguvu kwenye notisi, uhamisho na hesabu.

Baada ya kupeleka utetezi, mdai ana siku 28 za kusema kama anaendelea. Asipojibu, kesi inasimamishwa. Haijafa, anaweza kuomba iamshwe, lakini lazima aombe.

Kupatana

Njia hii haipewi haki yake, pengine kwa sababu haina ushindi wa kusimulia. Mnunuzi wa madeni hakulinunua deni lako kwa bei yake kamili, na kesi inayopingwa inamgharimu muda wa watu. Ukiwa na utetezi wenye uhai lakini usio wa uhakika, una kitu cha kuweka mezani. Unaweza kutoa sehemu ya deni kwa mkupuo, au awamu, kwa sharti kwamba hukumu haiandikwi. Mapatano hayo huwekwa kwenye amri ya Tomlin: kesi inasimama kwa masharti mliyokubaliana, na CCJ haitokei maadamu unalipa.

Linganisha na kukiri: pesa unayotoa kila mwezi inaweza kuwa ile ile, ila rejista inabaki safi. Ndiyo sababu mtu anayeweza kulipa awamu ajaribu kupatana kabla ya kujaza N9A. Tangu Mei 2024 madai madogo yanayopingwa hupitishwa kwanza kwenye usuluhishi wa lazima, bure, kwa simu, usiozidi saa moja. Humsikii mdai; msuluhishi ndiye anayekwenda na kurudi kati yenu. Panga mapema kiwango cha juu kabisa unachoweza na usikivuke. Usipokubaliana na mdai, uliyoyasema huko hayatumiki mbele ya jaji.

Kabla hujaahidi awamu yoyote, hesabu madeni yako yote. Kama kadi hii ni moja kati ya sita na kipato hakitoshi, kumaliza hii moja hakukuokoi. Amri ya kuondolewa madeni (Debt Relief Order) sasa haina ada tangu Aprili 2024, na inachukua madeni ya hadi pauni 50,000 kwa mwenye kipato kidogo na mali kidogo.

Kunyamaza

Siku 14 zikipita bila neno, mdai anaomba hukumu na kuipata bila jaji kuitazama tarehe wala karatasi. Kisha huja makato ya mshahara, dalali wa mahakama, au mzigo juu ya nyumba. Sina hali yoyote ambayo ningeishauri njia hii.

Wengi lakini hawakunyamaza kwa hiari. Walihama, na karatasi zikaenda kwenye anwani ya mwisho ambayo mdai aliijua, jambo ambalo sheria inaliruhusu. Wanakuja kugundua wakati wa kuomba nyumba ya kupanga. Mtu huyu ana chaguo mbili. Kama hukumu haijatimiza mwezi na pesa ipo, kulipa yote kunaifuta, na ni rahisi kuliko kesi. Vinginevyo aombe itenguliwe kwa fomu N244, kwa ada inayozidi pauni 300. Wenye kipato kidogo wanaweza kuomba msamaha wa ada kwa fomu EX160. Jaji atataka kuona utetezi wenye matumaini ya kweli au sababu nyingine nzuri, na kwamba umekuja haraka baada ya kujua. Kuhama peke yake mara nyingi hakutoshi kama deni halina ubishi. Kuhama pamoja na deni lililopita muda ni ombi zito. Ambatisha rasimu ya utetezi na ushahidi wa anwani, mfano mkataba wa kupanga au bili ya manispaa yenye tarehe.

Mashirika ya ushauri ya National Debtline, StepChange na Citizens Advice husaidia bure kwa haya yote. Ukipiga simu, uwe na fomu mkononi na uanze kwa kuwasomea ile tarehe ya kona ya juu kulia.